Altezza ikichoka miguu: dalili, sababu, na kipi ubadilishe kwanza pesa ikiwa ya mawazo

Altezza, gari ya Toyota, zilianza kutoka mwishoni mwa 1998 zikaacha kutengenezwa 2005, kwahiyo hata ile ya mwisho kabisa saivi imeshapita miaka ishirini, na raba za miguu (vile viungo, shokapu na springi vinavyoshika tairi na gari) hazihesabu kilomita peke yake, zinazeeka hata gari ikiwa imepaki tu uani. Ongeza joto la Dar, chumvi ya bahari kwa walioko Kigamboni, Masaki na Kunduchi, maji ya masika yanayosimama barabarani, halafu matuta na rasta (vile vituta vidogo vilivyopangana) kila unapogeuka, unapata gari ambayo injini bado inavuta vizuri ila miguu imekufa. Na inauma, maana hii gari iliundwa kwa ajili ya kona. Ina amu (mikono ya chuma inayoshika tairi kwenye bodi) za juu na za chini mbele na nyuma, ndo maana inashika barabara kuliko gari nyingi za bei yake, na ndo maana pia ina bushi (raba za kwenye viungio) na jointi nyingi kuliko gari ya kawaida, kila moja ikilegea kidogo tu jumla yake unaendesha mtumbwi.

Nimepanga kwa dalili, maana hakuna mtu anayefika gereji akasema bushi fulani imekufa, anasema "fundi inagonga mbele kushoto". Kwenye kila dalili nimeanza na sababu inayotokea sana nikashuka mpaka ile ya nadra. Msimamo wangu ni huu: raba na jointi kwanza, shokapu baadae, springi mwisho, na kushusha gari usikufikirie mpaka hayo yote yaishe. Watu wengi wanafanya kinyume, wananunua shokapu na springi fupi za kupendeza, hela inaisha, kelele iko pale pale.

Mengi ya humu yanafaa pia kwa Mark X na Chaser. Wenye Impreza mtachukua karibu yote isipokuwa upimaji wa boli jointi ya chini (kile kiungo cha tufe kinachounganisha amu na upande wa tairi), hiyo nimeitenganisha.

Kabla hujanunua kitu chochote

Pima upepo asubuhi gari ikiwa haijatembea, maana tairi ikipata joto upepo unapanda na kipimo kinakudanganya. Kiasi sahihi kipo kwenye kibandiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Kisha soma umri wa tairi, zile namba nne za mwisho kwenye maandishi ya DOT, mfano 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi za mtumba zina kashata (michoro ya tairi) nzuri lakini unakuta ni za zamani zimekauka, zinapiga kelele na kurusha gari mpaka unalaumu shokapu bure.

Toa vitu vyote kwenye buti. Jeki iliyolegea, spana, tairi la akiba ambalo halijafungwa, vyote vinagonga sawasawa na mguu mbovu, na hii ni dakika tano hailipiwi.

Sasa usalama, hapa naomba tuelewane. Usiingie chini ya gari iliyoshikwa na jeki peke yake. Weka stendi mbili, na uziweke kwenye sakafu ngumu. Nyua nyingi za Dar ni mchanga, jeki inazama taratibu upande mmoja na gari inateleza, kama huna zege tafuta ubao mnene na mpana chini ya jeki na chini ya kila stendi, au nenda kwa mtu mwenye shimo la kukagulia. Zuia tairi zilizobaki chini kwa mawe au magogo.

Inagonga kwenye rasta na matuta madogo

Hii ndo inaongoza kuliko zote. Sauti ya kavu, kok kok kok, unaisikia ukiwa spidi ndogo kwenye barabara ya vumbi au unapopanda tuta tairi moja moja.

Mshukiwa wa kwanza ni linki ya stebilaiza. Ni kale kachuma kafupi chenye kijointi kila upande, kanaunganisha fimbo ya stebilaiza (ile inayozuia gari kulala kwenye kona) na mguu. Kanakufa mapema kwasababu kanafanya kazi kila tairi moja linapopanda na lingine likabaki chini, yaani muda wote kwenye barabara zetu. Kukapima ni rahisi, gari ikiwa chini kwenye tairi zake ingiza mkono, shika linki uitikise kwa nguvu, ikicheza au ikitoa sauti imekwisha. Njia nyingine ya uhakika, fungua linki zote mbili za mbele, zifunge pembeni kwa waya zisiguse kitu, afu tembea taratibu mtaani kwenye tuta lile lile. Kelele ikipotea umeshapata jibu bila kununua kitu. Ila ni mtaani tu na taratibu, bila linki gari inalala sana kwenye kona, usiende nayo Morogoro Road.

Linki ni kati ya spea za bei ya chini kabisa kwenye miguu na inafungwa kwa boliti mbili, anza nayo. Badilisha kulia na kushoto pamoja.

Wa pili ni bushi za stebilaiza, zile raba mbili zinazoshika fimbo kwenye bodi. Zikilika fimbo inacheza ndani yake na sauti inakuwa nzito kidogo, kama inatokea katikati ya gari. Nazo bei ndogo, kwahiyo ukishafungua linki zibadilishe hapo hapo usirudie kazi.

Wa tatu mauntingi ya shokapu ya juu, kile kikalio cha raba kinachoshika shokapu kwenye bodi. Fungua boneti, mtu mwingine akandamize gari kwenye kona ya mbele aachie, wewe weka kidole juu ya mauntingi. Ukisikia inaruka au kugonga kidoleni, raba imeachana na chuma. Angalia pia kama nati ya juu ya shokapu imelegea, maana nimeona gari inashushwa miguu yote na tatizo lilikuwa nati moja aliyoisahau fundi wa mwanzo.

Wa nne, na huyu ndo wa hatari, ni boli jointi ya chini mbele. Kwenye Altezza shokapu na springi vinakalia amu ya chini, maana yake uzito wote wa gari upande ule unapita kwenye ile jointi kwenda kwenye tairi. Ikiachia, amu inadondoka na tairi linalala kwa nje, usukani hauna kazi tena. Gari za aina hii zinajulikana kwa ugonjwa huo, zikiwemo zilizouzwa kama Lexus IS 200 na IS 300 ambazo ni ndugu zake wa damu.

Namna ya kuipima: usiweke jeki kwenye bodi, ukifanya hivyo springi inasukuma amu chini na jointi inabanwa, unaishika unaona ngumu kumbe imekufa. Weka jeki chini ya amu yenyewe karibu na jointi, inua mpaka tairi liache ardhi kidogo, weka stendi ya tahadhari kwenye bodi. Ingiza mtaimbo chini ya tairi uinue juu juu, mwenzako aangalie jointi kwa tochi. Ikionekana kupanda na kushuka hata kidogo, ifutie hesabu. Angalia na mfuniko wake wa raba, ukichanika grisi inatoka, mchanga na maji vinaingia, hata kama leo haijalegea haina maisha. Kwa Impreza ni kinyume, ile springi inakalia shokapu moja kwa moja juu ya mguu, kwahiyo unainua bodi, mguu uning'inie, ndo utapima jointi ya chini.

Hapa ndo pa kusimama. Boli jointi ikiwa na mchezo gari haitembei, hata kwenda Kariakoo kununua jointi yenyewe, utapanda daladala au bodaboda uifuate. Kama gari ipo mbali na gereji ita brekidauni. Na kama hujawahi kuifungua mwachie fundi mwenye pula (kifaa cha kuichomolea) yake, kuigonga kwa nyundo kunaharibu amu na kuchana mfuniko wa jointi mpya.

Ukiwa umemaliza hao wanne na bado inagonga, ndo uende kwenye bushi za amu, na uangalie pedi za breki kama zina vibanio vyake, pedi zisizo na vibanio zinacheza na sauti yake inafanana sana na linki. Ukigusa breki kidogo juu ya tuta sauti ikakata, ni pedi.

Inalia kama kitanda kibovu, hasa asubuhi au baada ya mvua

Mara nyingi ni raba za stebilaiza zilizokauka, zikifuatiwa na bushi za amu, mara chache boli jointi iliyoishiwa grisi. Mwagia maji ya kawaida kwenye bushi moja moja wakati mwenzako anabonyeza gari, ile itakayonyamaza kwa muda ndo yenyewe.

Wapo wanaopuliza dizeli au oili chafu chini ya gari baada ya kuosha, wanasema inalainisha. Naomba muache. Mafuta ya aina hiyo yanavimbisha raba na kuilainisha mpaka inachanika, kelele inaisha wiki moja na bushi inakufa mapema. Ukitaka kulainisha tumia mafuta ya silikoni peke yake.

Inaogelea, inadunda, ikivuka tuta inaendelea kucheza

Hapa sasa ni shokapu, lakini taratibu. Kile kipimo cha kubonyeza gari ukahesabu inadunda mara ngapi kinakamata shokapu iliyokufa kabisa tu, shokapu iliyochoka nusu inapita bila shida na barabarani bado ni mbovu. Dalili nzuri zaidi ni hizi: kwenye mwendo wa 80 au zaidi gari inapanda na kushuka polepole baada ya bonde la lami, pua inazama sana ukishika breki, na kashata ya tairi inalika kwa vipande, mabonde na vilima ukipitisha kiganja.

Kisha chungulia mwili wa shokapu. Unyevu kidogo wenye vumbi chini ya sili ni jasho tu, shokapu nyingi zenye umri zinatoka jasho na zinafanya kazi. Oili inayotiririka mpaka chini ya mwili wake ni kuvuja, hiyo imekwenda. Angalia na ule mpira wa kuzuia kugota kwenye fimbo ya shokapu, kwenye gari za umri huu mara nyingi umeshasagika unga, ndo maana kwenye shimo unasikia chuma kwa chuma ukadhani shokapu imevunjika. Kipande hicho hakina bei kubwa ila hamna anayekikumbuka.

Kwa bajeti ndogo chaguo ni tatu. Mpya za kiwango cha kiwandani, ndo ninazozishauri, nunua za mbele mwezi huu na za nyuma mwezi unaofuata kama hela haitoshi, ila usibadilishe upande mmoja ukaacha wa pili. Za mtumba kutoka Japan, zinafaa ukizichagua kwa mkono: isimamishe, ibonyeze mpaka chini, isikie kama nguvu ni ile ile mwanzo mpaka mwisho bila sehemu tupu, iachie irudi yenyewe polepole, afu linganisha na ya pili yake. Fimbo ikiwa na mikwaruzo au kutu iache, itakula sili ndani ya muda mfupi. Ya tatu ni kujaziwa oili, wanatoboa shokapu, wanajaza na kuchomelea. Hiyo siikubali kwenye gari ya kukimbia. Ndani kuna vali zilizochoka ambazo oili mpya haizitibu, na shokapu zenye gesi zina presha, kuzitoboa na kuzichomelea kumeshajeruhi watu.

Springi sasa. Kukata springi ili gari ishuke nimekuta kwenye Altezza nyingi mno za hapa mjini. Springi ikikatwa inakuwa ngumu zaidi na fupi, shokapu ya kawaida inabaki inafanya kazi karibu na mwisho wa safari yake wa chini, na mguu ukining'inia springi inaweza kuchomoka kwenye kikalio chake. Ukiikuta imekatwa, tafuta springi nzima za kiwandani za mtumba, bahati nzuri springi ikiwa haina kutu wala ufa ni spea ambayo mtumba wake hauna shida.

Na wale wanaopandisha kwa spesa ili gari isiguse matuta, naelewa, barabara za Goba na Kimara ndani ndani zinalazimisha. Spesa nyembamba gari inavumilia. Ukiweka nene, amu zinakaa kwa pembe mbaya muda wote, bushi zinasokotwa, jointi zinafanya kazi ukingoni, na ukisikia tup tup kila mguu unaposhuka jua shokapu inagota juu.

Kutoa springi kwenye shokapu ni kazi nyingine ya kuachia mtu mwenye kibanio sahihi. Springi iliyobanwa ina nguvu ya kuvunja mkono au kuua, na vile vibanio vyembamba vya kuazima vilivyochakaa nyuzi zake, au kufunga kwa kamba na minyororo, ni kucheza na maisha. Mpelekee shokapu mkononi akufungie, utalipa kazi hiyo tu.

Inatangatanga ukikimbia, ukishika breki inahama njia

Unatoka Kibaha unarudi mjini, lami nzuri, na mikono haipumziki, kila sekunde unarekebisha. Ukigusa breki gari inanusa upande, ukiachia inanusa upande wa pili.

Kwenye Altezza sababu kubwa ni bushi ya nyuma ya amu ya chini mbele, ile kubwa. Ndo inayozuia tairi lisirudi nyuma ukishika breki, na raba yake ikichanika amu yote inasogea kila breki, kila gia. Kuiona inataka subira: gari ikiwa kwenye stendi, sukuma amu mbele na nyuma kwa mtaimbo uangalie raba. Nyufa ndogo za juu juu ni umri tu. Ufa uliozama mpaka chuma cha kati kinasogea peke yake, hiyo imekufa. Njia rahisi ya kuithibitisha ukiwa na mwenzako: injini inawaka, mkanyago wa breki umeshikwa nusu, gari isogezwe mbele kidogo na nyuma kidogo, wewe upo pembeni kwa mbali ukiangalia tairi ndani ya matao yake. Tairi likirudi nyuma kabla ya gari kusimama, hapo hapo. Usisimame mbele wala nyuma ya gari wakati wa kipimo hiki, na usiwe chini yake.

Sababu ya pili tairodi, zile fimbo zinazopeleka usukani kwenye tairi. Inua mbele, shika tairi saa tatu na saa tisa, tikisa. Likicheza kushoto kulia na usukani hausogei, ni tairodi endi au ile ya ndani kwenye raki (mashine ya usukani), weka mkono kwenye kila moja usikie ipi. Sasa shika saa kumi na mbili na saa sita. Likicheza hapo, mwambie mwenzako akanyage breki urudie. Mchezo ukipotea na breki ni beringi ya habu, ukibaki ni jointi. Kipimo hiki kinatofautisha vitu viwili ambavyo watu wanabadilishiwa kimakosa kila siku.

Ya tatu, na hii inasahaulika, ni bushi za nyuma, hasa amu zinazoshika mwelekeo wa tairi za nyuma. Dereva anahisi kama kuna mtu anasukuma matako ya gari, haswa ukiachia mafuta katikati ya kona. Kwa gari inayosukumwa na nyuma hili sio la kuvumilia, mvua ikiwa imenyesha mkia unatoka bila taarifa. Kama umeshabadilisha mbele yote na bado inatangatanga acha kununua vya mbele, inama nyuma.

Raki yenyewe ni sababu ya mwisho. Kama ina mchezo au inavuja, hiyo ni kazi ya fundi wa usukani.

Inavuta upande mmoja

Kwanza tukumbushane, sisi tunatembea kushoto na barabara zimeinuliwa katikati ili maji yashuke pembeni, kwahiyo gari nzima kabisa inaweza kuelekea kushoto kidogo ukiachia usukani. Tafuta eneo tambarare ndo uhukumu.

Upepo usiolingana unaongoza. Kisha tairi lenyewe: badilishana za mbele kulia na kushoto (kama kashata sio za kuzunguka upande mmoja), mvuto ukihamia upande wa pili tatizo ni tairi na alaimenti (kupanga pembe za tairi) usiilipie. Kisha breki inayoshikilia, tembea kidogo bila kutumia breki sana, simama, sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kugusa, moja ikiwa ya moto kuliko zingine pistoni au pini zake zimeganda. Breki usiifungue kwa kujifunzia.

Ndo baadae alaimenti na bushi. Na kama gari iliwahi kugongwa, mafundi watatu wa alaimenti wameshindwa kuileta kwenye kipimo, kuna chuma kimepinda. Peleka kwa wanyoosha chesisi wenye mashine ya kupimia, amu mpya hazitakusaidia.

Usukani unatetemeka

Ukitetemeka kwenye spidi fulani tu, tuseme kati ya 80 na 110, afu ukipita unatulia, ni balansi au rimu iliyopinda kwa mashimo. RS200 (Altezza yenye injini ya 3S) inatoka na tairi za 215/45 za inchi 17, ukuta wake ni mwembamba, shimo moja kali linatosha kukunja mdomo wa rimu wa ndani ambao huuoni ukiwa umesimama nje. Mwambie wa balansi azungushe uangalie kwa macho yako. Rimu za kichina ambazo tundu la katikati ni kubwa kuliko habu nazo zinatetemesha, zinataka ringi za kujazia.

Ukitetemeka ukishika breki tu ni diski. Na hapa bushi mbovu zinakuza mtetemo mdogo uwe mkubwa, kwahiyo kama diski zimechongwa na mtetemo umerudi haraka, rudi kwenye ile bushi kubwa ya amu ya chini.

Tairi zinaliwa

Katikati tu, upepo umezidi. Pembeni zote mbili, upepo mdogo. Ndani peke yake, kawaida gari imeshushwa bila kurekebishwa pembe au bushi zimelegea. Ukipitisha kiganja upande mmoja ni laini ukirudi kinakwaruza kama msumeno, tairi hazitazami mbele sawa.

Altezza pembe zake zinarekebishwa kwa boliti zenye kamu (kisahani kinachosogeza amu ukikizungusha) kwenye amu za chini. Hapa ndo chumvi ya pwani inatuonea, boliti zinaganda ndani ya chuma cha bushi, fundi wa alaimenti anajaribu mara moja anakwambia "hii haina marekebisho" anakaza tairodi tu unaondoka. Ina marekebisho, imeganda. Anza kuzipuliza mafuta ya kulegeza kutu siku kadhaa kabla. Zikigoma kabisa zinakatwa, zinabadilishwa pamoja na bushi, na hapo mwachie mtu mwenye vifaa, moto karibu na tenki la mafuta na mabomba ya breki sio wa kujaribia nyumbani. Kabla ya kuzifungua weka alama kwa msumari mahali kamu ilipokaa, itakusaidia kufika kwa fundi wa alaimenti bila kumaliza tairi njiani.

Imelala nyuma au upande mmoja

Toa spika kubwa kwenye buti kwanza, afu pima kwa tepu kutoka katikati ya rimu mpaka ukingo wa tao, kulia na kushoto. Tofauti ikiwa kubwa tafuta springi iliyovunjika, mara nyingi inakatika mzunguko wa chini kabisa ndani ya kikalio ambako kutu inakaa. Kama bodi yenyewe pale springi inapokalia imelika na kutu, simama hapo, tafuta mchomeleaji wa bodi anayejua kazi.

Kukaza bushi, hapa ndo hela yenu inapotea

Hili naliweka peke yake kwasababu ndo linalofanya mtu abadilishe bushi leo na baada ya miezi michache zimechanika, analaumu duka. Bushi ya raba kwenye amu haizunguki, raba imegandishwa kwenye chuma cha nje na cha ndani, mguu ukipanda na kushuka raba inajisokota na kurudi. Fundi akikaza boliti mguu ukiwa unaning'inia, raba inashikwa kwenye hali ile ya kuning'inia, ukishusha gari inasokotwa na kubaki imesokotwa siku zote, hata ukiwa umepaki. Inachanika, lazima.

Kinachotakiwa ni kufunga boliti zote kwa mkono, kushusha gari kwenye tairi zake au kuinua kila mguu kwa jeki mpaka ufike urefu wake wa kawaida, kuitikisa ikae, ndo kukaza mwisho. Simama hapo hapo uone. Mwambie kwa heshima, "fundi naomba tukaze ikiwa chini," anayejua kazi hatakasirika.

Bushi zipigwe kwa presi, zisipigwe kwa nyundo na bomba, na kama zina alama za mwelekeo zifuatwe. Bushi za plastiki ngumu zinazouzwa kwa ajili ya mashindano zinaifanya gari iwe kali, ila kwa rasta zetu utalalamika kila siku na baadhi zinalia zisipopakwa grisi yake. Raba ya kiwandani inatosha kwa mtaani.

Kununua

Gerezani na Kariakoo kwa ujumla utapata karibu kila kitu, peleka ya zamani mkononi, na utaje gari kwa chesisi: SXE10 ni yenye injini ya 3S, GXE10 ni ya 1G. Boli jointi, tairodi na linki usinunue za mtumba, hujui zimebakisha nini. Amu nzima ya mtumba nunua kwa ajili ya chuma chake, afu mpigie bushi mpya. Jointi za chapa ya 555 ya Japan zinaaminika na ndo maana zinaigwa sana, angalia chapa iliyopigwa kwenye chuma chenyewe, boksi lolote mtu anachapisha, na bei ikiwa nusu ya duka la jirani uliza kwanini.

Hela ikiwa kidogo kidogo mpangilio wangu ni boli jointi na tairodi kwanza kwasababu ya uhai, kisha linki na raba za stebilaiza, kisha bushi kubwa za amu za chini mbele, kisha bushi za nyuma, ndo shokapu na mauntingi kwa pamoja maana kazi ya kufungua ni moja. Alaimenti kamili ya magurudumu manne ifanye mara moja mwisho, ila ukigusa tairodi au boliti za kamu katikati ya safari fanya hata ya kawaida ili tairi zisiliwe. Omba karatasi ya vipimo vya kabla na baada. Baada ya wiki moja ya kutembea rudi upitishe spana kwenye kila boliti iliyofunguliwa na nati za tairi, gari ikiwa chini.